Bastola ya Kupigia Makopo

Mjukuu wangu kaja na bastola nyumbani kwangu. Si yake, kaazimwa na mwenzake wa klabu ya shabaha aipime mkononi kabla hajanunua ya kwake. Ijumaa baada ya kula yeye na wenzake wakatandika kitambaa juu ya meza yangu ya kahawa, wakaifungua vipande vipande, wakaanza kuipaka mafuta. Mie nilikuwa jikoni naosha sufuria ya mchuzi. Harufu ikapita mlangoni ikanikamata. Ni mafuta kama ya cherehani, lakini ndani yake mna kitu kilichoungua, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa kwa mate. Nikasimama na povu mikononi, nikawa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa juu ya jiwe la moto Ibra, namtakia mtu kifo.

Wao walikuwa wakibishana. Huyu anasema fupi ndiyo nzuri, yule anasema hii haina jina. Nikatokeza kichwa nikawaambia, "Anayejifunza anataka mtutu mrefu, uzito mbele, na risasi ndogo. Hiyo fupi ni ya kupigiwa picha." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. "Bibi, wewe tuachie haya, tuletee vileja." Wacha wacheke. Nimelea watoto saba, nimezika mume, nina wajukuu wenye shahada zimetundikwa ukutani, na mie mwenyewe skuli niliiacha sijui hata kugawanya. Lakini hilo la bastola nalijua kuliko wao, na nililijua kwa njia mbaya.

Nyinyi mliorudi kutoka Afrika miaka ile mnakumbuka tulivyopokewa. Msijifanye mmesahau kwa sababu sasa watoto wetu wameoana. Sie tulishuka Ibra, bara ya Maskati, na masanduku matatu, baba, mama, mimi na mdogo wangu Salim aliyekuwa bado ananyonya, tukapewa chumba kimoja cha udongo karibu na zizi, na mbuzi walikuwa na kivuli kuliko sisi. Baba yangu Unguja alikuwa fundi saa. Mikono yake ilikuwa laini, kucha safi, alizoea kuinamia vitu vidogo visivyopiga kelele. Kule Ibra saa zenyewe walikuwa nazo watu watano.

Alichokitaka baba ni barua. Ukirudi kutoka Afrika ilibidi Sheikh wa kabila akuandikie kwamba wewe ni wao, baba yako fulani, babu yako fulani, ndipo upate pasi, ndipo upate kazi ya serikali. Bila barua ile wewe ni mpita njia. Na Sheikh hawezi kuandika mpaka mtu wa damu yako asimame ashuhudie. Mtu wa damu yetu pale alikuwa mmoja tu, mtoto wa ami yake baba, sisi tukimwita Ami Humud.

Ami Humud alikuwa mrefu, mkavu, na jino moja la dhahabu ambalo alilionyesha akitukana tu. Mitende ya babu yao, sehemu ya baba na sehemu yake, alikuwa akiila yote peke yake tangu zamani, na maji ya falaj, ule mfereji wa mji, aliyachukua zamu mbili, yake na yetu. Baba akiandikwa, mitende inagawanywa. Basi kila alipoulizwa na Sheikh alisema, "Mimi huyu simjui. Ami yangu Ali alikwenda Afrika akapotea. Huyu amekuja na jina tu, na majina yanaokotwa."

Idi Ndogo ilitumaliza kabisa. Desturi ya pale, baada ya sala wanaume hutoka nje ya mji, husimama mstari, ukoo kwa ukoo, na kila mmoja hupiga bunduki kulenga jiwe lililopakwa chokaa juu ya kilima. Hilo ndilo shabaha. Usipopiga si dhambi, lakini unatazamwa. Baba akaazimwa bunduki ya zamani, nzito kama mlango. Akafumba macho, akavuta. Kitako kikampiga begani, akaenda chini, kilemba kikamtoka kikabingirika mavumbini mbele ya watoto. Mlio wa bunduki haukuwa na sauti kubwa kuliko kicheko. Ami Humud akasema kwa nguvu, wote wasikie: "Mnaona? Damu yetu haianguki." Halafu akaongeza lile lililotuponza sote: "Idi Kubwa aje tena. Akilipiga jiwe, mimi mwenyewe nitamshuhudia. Asipolipiga, apande gari arudi alikotoka."

Nyumbani mama alimkanda baba bega kwa mafuta ya moto. Hakumpa pole hata moja.

"Mbona umefumba macho?"

"Mlio."

"Mlio ndiyo nini? Mlio haukuli. Wewe kila bunduki ikilia unadhani ni mlango wetu wa Unguja unavunjwa. Mlango ule umeshavunjwa, Baba Salim. Tumeshatoka."

Baba akageukia ukuta. Mie sikujua mlango gani, nilizaliwa baada yake.

Mama yangu alikuwa mtu wa Pemba, wa shamba. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, na kima walikuwa wanamlia ndizi zote, kwa hivyo aliwafundisha binti zake kutumia bunduki ndogo kuwafukuza. Mama ndiye aliyesema itafutwe silaha ndogo, isiyolia sana, isiyorusha mkono, baba ajifunze nayo mpaka macho yazoee, kisha ndiyo ashike bunduki kubwa. Na iwe bastola, kwa sababu bunduki ndefu ukipita nayo kila alasiri mji mzima unajua mtu mzima anajifunza kama mtoto. Bastola inakaa ndani ya kikapu.

Silaha Ibra zilikuwepo, lakini Ibra ungenunua asubuhi, adhuhuri Ami Humud anaijua rangi yake. Tukaenda Nizwa. Tulipanda nyuma ya pikapu ya mtu anayepeleka mbuzi, tukala vumbi mpaka meno yakasaga. Fanja tuliposhuka kunywa maji mama alitapika, akapangusa mdomo, akapanda tena. Salim aliachwa kwa jirani. Mimi nilichukuliwa kwa sababu moja. Mama alikuwa hajui Kiarabu ila cha sala, baba alijua cha msahafu ambacho watu sokoni walikicheka, na mie nilikuwa nimeshakiokota cha mtaani chote, na matusi yake.

Muuza silaha alikuwa mzee wa ndevu za hina, amekaa juu ya kasha, mguu mmoja kaunyoosha njiani ili watu wauruke. Baba alimsalimia kwa adabu.

"Bastola," baba akasema. "Ya kujifunzia."

Mzee akamtazama ndevu. "Kujifunza? Na mvi hizo?" Akaligeukia duka la pili. "Njooni mumwone mwanafunzi!"

Akatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nene, ya fedha tupu, mpini mweupe kama jino, inang'aa kama kijiko cha harusi. Ya pili nyeusi, mtutu mrefu mwembamba, mpini wa mbao uliochakaa, sura yake kama kitu cha kuzibulia bomba. Baba akaichukua ile ya fedha. Akaichomeka kiunoni pembeni ya jambia, akajitazama kuanzia kifuani kwenda chini, na mie nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi ile, anajipenda.

Mama akanigusa bega. "Mwambie mzee alete ile ndefu hapa."

Nikamwambia. Mzee akasema, "Mwambie mama yako siuzi silaha kwa wanawake."

Nikafasiri. Mama akasema, "Mwambie mwanamume atalipa, mwanamke atachagua. Na kanzu aliyovaa yeye, mwambie, inaonyesha kachagua mwenyewe."

Nikafasiri yote, na ya kanzu. Duka la pili likaangua kicheko, safari hii upande wetu. Mzee akatema mate pembeni akaisukuma ile nyeusi kwa vidole viwili.

Mama akaitoa mikono ndani ya buibui. Akaifungua, akaangalia hamna kitu, akachungulia mtutu kwenye mwanga. Akaishika kwa mkono ulionyooka, akakaa hivyo muda mrefu kama anasikiliza. Kisha akaichukua ile ya fedha kiunoni kwa mumewe, mbele za watu, akafanya vivyo hivyo. Akaniambia mimi, lakini alikuwa anamwambia baba:

"Hii ya harusi risasi yake nene. Itamrusha mkono na macho atayafumba zaidi. Mtutu mfupi, kidole kikitetemeka kidogo risasi ishafika Maskati. Hii mbaya uzito wake uko mbele, haikurukii. Ukiivuta haigombi na kidole. Na risasi zake ndogo, atapiga nyingi. Mtu hujifunza kwa kupiga nyingi, hajifunzi kwa kujitazama kiuno."

Baba akasema polepole, "Watu wataniona na hii?"

"Nani akuone? Unakwenda kupiga makopo."

Mzee akaifunga ile nyeusi kwenye gunia, akatoa na onyo, maana kazi yake aliijua hata kama roho yake ilikuwa chafu. "Risasi za hii nyundo haizipigi katikati ya kitako. Inazipiga ukingoni. Kwa hivyo msiifyatue tupu, chuma kitagonga chuma, mtaiua." Halafu akamwinamia baba, jicho moja kalifumba. "Haya niambie, ya kujifunzia au kuna mtu kakuudhi?"

Baba alikuwa amechekwa na soko zima, kapokonywa silaha na mkewe. Alitaka aondoke pale na japo kitu kimoja cha kiume. Akasema, "Yupo. Mtoto wa ami yangu, huko Ibra."

"Ah! Basi kwa hii mlenge kichwani. Ukimpiga tumboni atakukimbiza mpaka akurudishie risasi yako!"

Wakacheka wote, na baba akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba baba yangu kanunua bastola amuue Ami Humud. Nikarudi Ibra nyuma ya pikapu nimelala juu ya lile gunia, na sina haja ya kudanganya mtu leo: sikuogopa. Nilifurahi njia nzima.

Kila siku baada ya alasiri tukashuka wadini, kwenye kona ya mto mkavu ambako hakuna anayelima. Kikapu nilibeba mimi, makopo juu, bastola chini. Makopo ya maziwa ya unga, ya nanasi, ya tungule. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga juu ya jiwe na kukimbia kukaa nyuma ya mama. Na kila siku, kabla ya kuyapanga, nilichukua mkaa nikachora upande wa nyuma, upande usioonekana, masharubu na jino moja. Kopo likianguka nilikuwa nasema moyoni, huyo.

Lakini hayakuanguka. Baba alinyoosha mkono, akalenga vizuri kama anashona, na mwisho kabisa macho yakafumba na mkono ukaruka kabla ya risasi yenyewe. Mama akabuni hila. Akawa anamjazia yeye mwenyewe, kampa mgongo, mara anaweka risasi, mara anaweka ganda lililokwishapigwa. Baba hakujua lipi. Anavuta, inalia tik, hakuna kitu, na mkono wake umeruka wenyewe mbele ya macho yetu.

"Haya, nini kilichokurusha? Risasi hamna."

Baba akautazama mkono wake.

"Nakuuliza. Nini kilichokurusha?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi mwambie huyo wewe mwenyewe atulie."

Ilimchukua siku nyingi. Siku kopo la kwanza lilipobingirika baba aliketi chini mchangani akaweka kichwa magotini. Mie nilirukaruka kama mwehu. Mama akaniangalia. "We mtoto, una nini? Kopo tu hilo." Nikaacha kuruka. Niliona hata mama yangu hajui siri ya wanaume, naijua mimi na baba tu.

Siku hiyohiyo niliiba risasi moja kwenye kisanduku. Ndogo, ya rangi ya shaba, haijai kiganja cha mtoto. Sikujua ya nini. Nilitaka tu niwe nayo.

Sasa Zuwena. Zuwena alikuwa binti wa Ami Humud, rika langu, na tulichukiana kama mbwa na paka. Nilikuwa naosha vyombo kwenye falaj, akaja akakaa upande wa juu, makusudi, akaosha miguu yake ili maji machafu yanipitie mimi.

"Baba yako keshasimama," akasema, "au bado analala chini na kilemba chake?"

"Toa miguu yako."

"Maji ya baba yangu haya. Nyinyi wala mihogo mna maji gani? Idi ikipita mtapakiwa garini na masufuria yenu. Mama keshasema chumba kile tutafugia kuku."

Nikasimama na sahani mkononi. Nakumbuka maji yalikuwa baridi vifundoni na uso wangu unawaka. Nikamwambia, "Baba yako Idi hataiona."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yangu kanunua bastola. Nizwa. Kila siku tunakwenda kujifunza, na kila kopo ni kichwa cha baba yako. Jana kapata. Basi mama yako atafute pengine pa kufugia kuku."

Zuwena alinitazama. Alitaka kucheka, akaona sikutania. Akainuka, akaacha kiatu kimoja, akakimbia. Mie nikakitupa kile kiatu ndani ya falaj nikaendelea kuosha sahani zangu. Sikuhisi nimeharibu kitu. Nilihisi nimetoa habari.

Siku ya pili, baada ya alasiri, tunajitayarisha kushuka wadini, askari wa Sheikh akasimama mlangoni. Baba anatakiwa kwenye sabla, ile baraza ya wanaume, sasa hivi. Kuna mtu kamshitaki kwamba anataka kumuua. Baba akageuka rangi ya majivu. Akamtazama mama. Mama akamtazama yeye. Hawakunitazama mimi, nani anamtazama mtoto? Baba akavaa kilemba akaenda.

Haukupita muda, askari akarudi. "Sheikh anaitaka hiyo silaha."

Mama akazitoa risasi zote, akaangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaifunga kwenye kanga. Yeye hawezi kuingia sabla. Akanipa mimi. "Mpe Sheikh mkononi. Si mtu mwingine. Baba yako asiiguse, umesikia?" Nikapita kwanza nyuma ya mkeka wangu, nikachukua ile risasi yangu, nikaifumbata. Nilijua sasa ya nini. Mama kasahau kumwekea baba. Mimi nitamwekea.

Sabla ilikuwa imejaa. Wanaume wameegemea kuta pande zote, miguu wamekunja, katikati busati tupu. Ami Humud amekaa karibu na Sheikh, baba mwisho, mlangoni, kwenye viatu. Mie nikapita katikati yao wote, nikampa Sheikh kanga, nikarudi nikachutama nyuma ya baba, ngumi nimeibana. Nikamgusa mgongoni. Hakugeuka.

Sheikh hakuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Alikuwa mnene, ana maumivu ya goti, na kesi za kwetu zilimchosha. Alituona sote ni mzigo, waliobaki na waliorudi. Karani wake alikuwa ameketi na daftari, kalamu tayari.

"Humud," Sheikh akasema, "nani anataka kukuua?"

"Yule pale. Khamis."

"Mji umejaa kina Khamis. Unashitaki damu, taja nasaba. Hapa hatuandiki yule pale."

Hiyo ndiyo desturi. Kesi ya kuuana haiandikwi mpaka anayeshitaki amtaje mwenzake kwa baba na babu, ili ijulikane damu itadaiwa wapi. Ami Humud alikuwa na hasira na alikuwa na hofu, na hofu ile niliitia mimi.

"Khamis bin Ali bin Rashid," akasema.

Kalamu ikakwaruza.

"Na anataka kukuua kwa sababu gani?"

"Mitende! Mitende ya babu yetu. Anataka aichukue yote nikiwa kaburini."

Kalamu ikakwaruza tena. Sheikh akaifungua kanga. Akaitoa bastola yetu, akaishika kwa ncha ya mpini, akaigeuza huku na huku. Akamtazama baba, akamtazama Ami Humud. Halafu akampa mtu wa pembeni yake, naye akampa wa pembeni, na ile bastola mbaya ikazunguka sabla nzima kama chano cha kahawa. Wale walikuwa watu waliokulia na silaha, hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja akapima mtutu kwa shubiri yake akacheka. Wa pili akasema, "Hii ndiyo ya kuulia? Mimi mwanangu nilimnunulia ya aina hii apige makopo." Mzee mmoja akauliza, "Humud, kopo ni wewe?"

Wakacheka mpaka vumbi likadondoka darini. Ingekuwa ni ile ya fedha, ile fupi nene aliyoipenda baba, nakuapieni asingecheka mtu. Ile ilikuwa ya kuvaliwa na kuulia. Baba angelala gerezani usiku ule.

Ami Humud akasimama. "Mnacheka? Basi futeni! Nafuta mashitaka yangu!"

"Kaa," Sheikh akasema. "La kuuawa limefutika. Mtu anayetaka kuua hanunui hii, na wewe unalijua. Karani, soma yaliyobaki."

Karani akasoma, bila kuinua macho. Humud kasema mbele ya jamaa kwamba huyu ni Khamis bin Ali bin Rashid, na Rashid ni babu yao wote wawili, na wana mitende ya pamoja.

Ami Humud akafungua mdomo, jino la dhahabu likaonekana, safari hii bila tusi.

"Mimi nilikuwa na hasira."

"Hasira haibadilishi babu. Umekataa miezi yote hii kumshuhudia, leo umemshuhudia bure. Watu wamesikia. Weka kidole." Akajisugua goti. "Na wewe Khamis, chukua kitu chako hiki. Barua njoo uichukue baada ya magharibi. Haya, tokeni, nimechoka na watoto wa Rashid."

Idi Kubwa ilipofika baba alisimama mstarini na ukoo wake, akalikosa jiwe, risasi ikapasua kilima pembeni. Hakuna aliyecheka. Macho yalikuwa wazi. Lakini mie sitaki kusimulia Idi, nataka kusimulia jioni ile.

Baba alirudi na barua ameishika kwa mikono miwili. Majirani waliorudi kama sisi wakajaa chumbani, mama akapiga vigelegele, mwanamke aliyekuwa hacheki ovyo, akambusu Salim mpaka akalia. Baba akaisoma barua kwa sauti, jina lake, la baba yake, la babu yake. Akaisoma tena. Kisha akaniona nimekaa pembeni nimenuna.

"Na wewe mama mkubwa, hufurahi? Tumeandikwa."

Nikasema, "Kwa nini hukumpiga?"

"Nani?"

"Ami Humud. Alikuwa karibu pale. Nilikugusa hukugeuka." Nikaufungua mkono. Ile risasi ilikuwa imeniacha alama nyekundu kiganjani. "Nilikuletea hii. Na Zuwena nilishamwambia utampiga."

Vigelegele vikakatika. Baba akaitazama risasi, akanitazama mimi, na nikaona anapanga mambo kichwani kimoja kimoja kama anavyopanga vipande vya saa, Nizwa, makopo, Zuwena. Hakunipiga. Mama ndiye aliyenipiga, vizuri sana, baadaye. Baba aliichukua tu ile risasi kiganjani mwangu kwa ncha za vidole, kama anatoa kitu kwenye mdomo wa mnyama asiyemjua. Watu wote walimwambia ni rehema ya Mungu, mtoto kasema neno likawa heri, bila ulimi wake msingeandikwa. Akaitikia, ndiyo, alhamdulillahi. Lakini hakunitazama tena jioni ile. Na mimi sikumwomba radhi. Sikumwomba mpaka anakufa. Nilimtakia kifo mtu aliyetaka tukalale njiani, na ningemtakia tena.

Kesho yake alasiri nikapanga makopo kikapuni kama kawaida. Baba akakichukua kikapu mkononi mwangu. "Leo nakwenda peke yangu." Nikamfuata mpaka ukuta wa mwisho wa mji. Akageuka akasimama, akangoja mpaka nilipokaa chini. Ndipo akashuka.

Nikakaa pale ukutani. Punde nikaanza kuisikia, tak, kimya, tak. Nilikuwa sijapata kuisikia kutoka mbali. Ilikuwa ndogo, kama mtu anayevunja vijiti vya kuni. Zuwena akaja akasimama upande wa pili wa njia, kiatu kimoja kipya na kimoja cha zamani, hakuthubutu kusogea.

"Baba yako anafanya nini kule?"

Nikamtazama nimtukane. Kule chini ikalia tena, tak.

"Anapiga makopo," nikamwambia.